Kuzipa nywele za singa mawimbi bila vifaa vya moto

NYWELE za singa hazihitaji moto ili zijikunje. Zinahitaji maji, kitu cha kuzizungushia na saa za kutosha za kukauka. Huo ndio msingi wa mbinu zote zinazoelezwa katika makala haya, na ni jambo ambalo wanunuzi wengi wa koleo la umeme la kukunjia nywele hawaambiwi dukani.

Katika Jiji la Nakuru na miji ya karibu, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Molo na Nyahururu, nywele za singa ni za aina mbili. Kuna singa za kuzaliwa nazo, mathalani katika familia zenye asili ya Kihindi ambazo zilianza kufungua maduka katika eneo hili baada ya reli kufika Nakuru mwaka wa 1900. Kuna pia singa za saluni, yaani nywele za kipilipili zilizonyooshwa kwa dawa. Hizi za pili ndizo zilizo nyingi, na ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa huwa zimekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake kabla koleo halijazigusa.

Inafaa kueleza kwanza kinachotendeka ndani ya unywele, maana asiyekifahamu hufuata maagizo ya msusi kama kasuku na hushindwa kujua alipokosea mawimbi yanapolegea kabla ya saa sita mchana.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi ndogo za protini hiyo hushikana kwa vifungo vya aina kadhaa, na hapa viwili vinatuhusu. Vifungo vya haidrojeni ni vingi ila ni dhaifu: maji huvifungua, na nywele zinapokauka hujifunga upya. Nywele mbichi zikizungushiwa kijiti na kuachwa zikauke, vifungo hivyo hujifunga vikiwa vimelifuata umbo la kijiti. Ndiyo sababu anayelala na nywele zenye unyevu huamka na mkunjo ambao hakuutaka. Vifungo vya salfa, kwa upande mwingine, ni imara. Maji hayaviwezi, hufunguliwa kwa kemikali.

Koleo la moto hufanya kazi ile ile ya kufungua na kufunga vifungo vya haidrojeni. Tofauti ni kwamba hulazimisha kwa sekunde chache kile ambacho maji na hewa hukifanya kwa saa nane. Gharama ya haraka hiyo ni kubwa. Vifaa vingi vya aina hiyo hufikia kati ya nyuzi 150 na 230 za Selsiasi. Zikiguswa na joto hilo zikiwa bado na unyevu, maji yaliyomo ndani ya unywele hugeuka mvuke ghafla na kuacha mapovu yanayoudhoofisha unywele kutoka ndani. Sauti ya kuchirizika ambayo wengine huidhania kuwa ishara ya koleo lililopata moto barabara, ndiyo sauti ya madhara hayo yakitokea.

Hamu ya kukunja nywele kwa chuma cha moto si ya jana. Katika miaka ya 1870, Mfaransa Marcel Grateau alijipatia sifa mjini Paris kwa mawimbi aliyoyatengeneza kwa koleo lililopashwa moto. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Karl Nessler akiwa London alibuni njia ya mawimbi ya kudumu kwa kuchanganya kemikali na joto. Huku kwetu, wanawake wa makamo wanalikumbuka chanuo la chuma lililowekwa juu ya jiko la makaa, na harufu iliyojaa nyumba nzima Jumamosi jioni watu wakijiandaa kwenda kanisani kesho yake.

Dawa za kunyoosha zilipoenea, chanuo hilo lilisahaulika, lakini tatizo lilibadilisha sura tu. Nyingi ya dawa hizo hutumia kostiki soda au kemikali zinazokaribiana nayo kwa ukali. Huvunja sehemu ya vifungo vya salfa, na vifungo vilivyovunjwa havirudi vilivyokuwa. Ukichukua nywele za namna hiyo ukazitia moto kila wiki, usishangae zikikatika. Sehemu dhaifu kuliko zote ni pale nywele mpya za kipilipili zinapokutana na zile zilizonyooshwa. Hapo ndipo aghalabu hukatika, na ndiyo maana mtu hulalamika kwamba nywele zake "hazikui" ilhali zinakua vyema, ila zinakatika kwa kasi ile ile.

Kuna pia suala la afya ya mwili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2022, uliowahusu wanawake 33,497, ulikadiria kwamba miongoni mwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, ikilinganishwa na asilimia 1.64 ya wasiozitumia. Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano; hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Hata hivyo, ni sababu tosha ya kutozirundika dawa hizo kichwani kila mwezi.

Kukunja nywele bila moto ni ufundi wa zamani katika Bonde la Ufa. Morani wa Kimaasai walifuga nywele, wakazisokota katika vijisongo vyembamba mno na kuzipaka mafuta ya wanyama pamoja na udongo mwekundu hadi siku ya sherehe ya eunoto, ambapo mama huzinyoa. Waliopewa kazi ya kusokota walikuwa morani wenzao, na kazi hiyo ilidai subira ya siku nyingi. Wanawake nao walikuwa na uzi mweusi, ambao hadi leo hutumika kuvuta nywele za kipilipili zikanyooka bila joto lolote. Tutaurudia uzi huo hapa chini, kwani una manufaa kwa yule asiyetaka dawa kabisa.

Waliokuwa vijana katika miaka ya 1980 wataikumbuka pia "kali kiti". Hiyo haikuwa ya moto, lakini haikuwa ya maji matupu. Ilitumia kemikali ya jamii ya thioglikoleti kuvifungua vifungo vya salfa na kuvijenga upya nywele zikiwa zimezungushwa kwenye vijiti. Mikunjo yake ilidumu miezi, ikadai kunyunyiziwa maji na mafuta kila siku, na kola za mashati zikawa mashahidi. Tunaitaja kwa sababu moja muhimu: nywele zilizonyooshwa kwa dawa ya jamii ya kostiki soda hazipaswi kamwe kutiwa dawa ya kukunja ya jamii ya thioglikoleti. Kemikali hizo mbili hazipatani, na matokeo yake ni nywele kuchanika kama uzi uliooza. Msusi akikuahidi kukufanyia hayo "kwa uangalifu", shukuru na uondoke.

MATAYARISHO

Nywele zioshwe kwa shampuu na kutiwa kondishena. Baada ya hapo zikaushwe kwa kubonyezwa na fulana kuukuu ya pamba, wala si kwa kufikichwa na taulo. Zinapaswa kuwa mbichi ila zisidondoshe maji. Zikiwa zimelowa chepechepe hazitakauka hadi asubuhi. Zikiwa kavu mno hazitashika umbo. Mwenye nywele za singa za kuzaliwa, ambazo huteleza na kulegea upesi, afadhali aanze zikiwa zimekauka kiasi cha robo tatu.

Ikumbukwe kwamba unywele ulio na maji hunyumbuka na hukatika kwa urahisi kuliko ulio mkavu, hasa ule ulionyooshwa kwa dawa. Chanuo lenye meno mapana litumike, likianzia kwenye ncha na kupanda polepole hadi kwenye mzizi.

Kinachofuata ni kitu cha kushikilia umbo. Madukani kuna losheni za kuseti na povu la nywele, na vyote vinafaa. Anayependa cha nyumbani anaweza kuchemsha vijiko vinne vikubwa vya mbegu za kitani katika vikombe viwili vya maji, akikoroga hadi mchanganyiko uwe kama ute wa yai, kisha auchuje ungali moto kabla haujawa mzito kupita kiasi. Jeli hiyo huwekwa kwenye friji na kutumika katika muda wa wiki moja, ikinuka, imwagwe. Ute wa mshubiri nao hutumika, lakini upakwe kwanza kidogo nyuma ya sikio na kuachwa kwa siku moja, kwa kuwa baadhi ya watu huwashwa nao.

Mafuta mazito, yakiwemo ya nazi na ya mbarika, yasipakwe katika hatua hii. Hufunika unywele, huzifanya nywele nyepesi zilale na hupunguza nguvu ya jeli. Yana nafasi yake mwishoni.

NJIA ZENYEWE

Rahisi kuliko zote ni songo. Nywele hugawanywa mafungu manne hadi manane, kila fungu likasukwa songo la nyuzi tatu, na ncha ikazungushwa kwenye kijirola kidogo ili isibaki imenyooka kama ufagio. Asubuhi hutoa mawimbi mapana, bapa kiasi. Ukitaka mawimbi yenye umbo la mviringo zaidi, sokota kwa mafungu mawili badala ya matatu. Kadiri mafungu yanavyokuwa mengi ndivyo mikunjo inavyokuwa midogo, kanuni ambayo haibadiliki katika njia yoyote.

Rola za sponji na vile vijiti virefu vya sponji vinavyopindika hutoa mikunjo iliyo nadhifu zaidi. Fungu la nywele lisizidi upana wa rola yenyewe. Ncha ifungwe kwanza kwa kipande cha karatasi laini, kisha nywele zizungushwe kuelekea kichwani bila kulegea wala kuvuta ngozi. Rola nyembamba hutoa mikunjo midogo inayodumu, nene hutoa mawimbi makubwa yanayolegea mapema. Kwa singa za kuzaliwa, chagua rola ndogo kidogo kuliko umbo unalolitaka, kwa kuwa mkunjo utalegea tu.

Asiye na rola hajakwama. Vipande vya leso kuukuu vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa mkono hufanya kazi hiyo hiyo, na wanawake wa Ulaya walivitumia vitambaa vya namna hiyo kabla ya umeme kufika majumbani. Nywele huzungushwa kwenye kitambaa kuanzia ncha, kisha miisho miwili ya kitambaa ikafungwa fundo. Mtu hulala navyo bila adha, tofauti na rola za plastiki ambazo humnyima mtu usingizi. Mkanda wa joho la kuogea, ambao ulipata umaarufu mkubwa mitandaoni miaka ya 2020 na 2021, ni mbinu iyo hiyo: mkanda hulazwa juu ya utosi kutoka sikio hadi sikio, na nywele za kila upande huzungushiwa kwa kuongezea fungu baada ya fungu.

Kuna pia vifundo. Nywele husokotwa hadi zijikunje zenyewe na kulala kichwani kama kitumba, kisha zikabanwa. Kwa nywele zilizonyooshwa kwa dawa, vifundo ndivyo vinavyotoa mikunjo imara kuliko njia nyingine zote za mikono, ila huchelewa mno kukauka katikati. Anayevifungua saa kumi na mbili asubuhi akakuta unyevu ndani amepoteza kazi ya usiku mzima. Vifungo vya haidrojeni havijajifunga, na mikunjo itaporomoka kabla hajafika kazini.

Mwenye nywele za kipilipili asiyetumia dawa ndiye atakayefaidi uzi. Siku ya kwanza azifunge nywele mbichi kwa uzi kutoka mzizi hadi ncha, zikauke. Zikifunguliwa zitakuwa zimenyooka na kurefuka. Siku ya pili azinyunyizie jeli kidogo tu, azizungushe kwenye rola kubwa, na atapata mawimbi yanayofanana na ya saluni bila ya pasi wala dawa. Akilowa mvua, nywele zitarudi zilivyokuwa, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba hazijadhurika.

Kufungua kuna adabu yake. Hakikisha nywele zimekauka hadi ndani; gusa mzizi na katikati ya rola, usiiamini ncha. Paka matone mawili ya mafuta mepesi viganjani, zungusha rola kuelekea upande ulikotoka badala ya kuivuta, na uachie kila mkunjo upoe mkononi. Mikunjo igawanywe kwa vidole. Chanuo hapa ni adui.

HALI YA ANGA

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Kwa sababu hiyo, maagizo ya magazeti ya ng'ambo yanayosema "saa sita zinatosha" hayafai hapa katika msimu wa mvua. Kati ya Machi na Mei, na tena mvua zinaporejea mwishoni mwa mwaka, anza saa kumi jioni badala ya saa nne usiku, au oshea nywele asubuhi ya siku iliyotangulia. Januari na Februari, vumbi na ukavu vikitawala, nywele hukauka upesi na mawimbi hudumu.

Tofauti huonekana hata ndani ya eneo moja. Marigat, kule Baringo, ni joto na kukavu: mawimbi yaliyofungwa jana hukaa, ila nywele hukauka hadi zikawa kama nyasi, hivyo huhitaji mafuta kidogo zaidi. Kericho na Molo ni kinyume chake. Unyevu wa hewa huvifungua vifungo vile vile vilivyofungwa usiku, na mtu anayesafiri kutoka Nakuru kwenda harusini Kericho anaweza kushuka garini na nywele zilizonyooka. Afadhali asafiri na vitambaa kichwani chini ya kilemba, avifungue akifika.

Wapo watakaouliza kama inaruhusiwa kukaa chini ya draya ya kofia. Jibu ni ndiyo, almuradi iwe kwenye joto la chini au hewa baridi na nywele ziwe zimekwisha kukauka nusu. Na katika nchi ambayo umeme ulikatika karibu kote usiku wa Agosti 25, 2023, na kukatika tena Novemba na Desemba mwaka huo huo, kuna faraja kujua kwamba leso haihitaji waya.

KUTOKUWA NA MOTO SI KUTOKUWA NA MADHARA

Songo lililokazwa hadi nyusi zikapanda huumiza kuliko koleo. Kuvutwa mara kwa mara hudhoofisha mizizi, hasa kwenye paji la uso na juu ya masikio, na ukosi wa nywele ukiendelea kurudi nyuma kwa miaka, mizizi hufa na nywele hazioti tena. Dalili za mwanzo ni vipele vidogo kandokando ya nywele, maumivu ya ngozi na kichwa kuuma baada ya kusukwa. Panadoli si tiba yake. Tiba ni kufumua. Anayeona nywele za mbele zikipungua amwone daktari wa ngozi mapema, kabla ya kununua mafuta ya kuotesha yanayotembezwa katika vituo vya matatu.

Kulala na nywele mbichi usiku baada ya usiku nako si kwema. Ngozi ya kichwa isiyokauka huwasha na mba huongezeka. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na katikati ya wiki mawimbi huhuishwa bila maji mengi: nywele hufungwa kilegevu juu ya utosi, hufunikwa kwa kitambaa cha satini, na asubuhi hutikiswa tu.

Limebaki suala la rasta na nywele bandia, ambazo haziingii katika maelezo yote yaliyotangulia. Nyuzi zake nyingi ni za plastiki, hazina keratini wala vifungo vya kufunguliwa na maji ya bomba. Hujikunja kwa joto pekee, na ndiyo sababu wasusi huzungusha ncha kwenye rola na kuzichovya katika maji moto. Hapa Nakuru maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94 badala ya 100, kutokana na mwinuko, lakini hizo ni nyingi kupita kiasi kwa ngozi ya binadamu. Maji yaepuliwe jikoni na kuachwa dakika chache kabla ya kuchovya. Chombo kiwe kipana, chenye kitako kizito, kiwekwe juu ya meza na si juu ya mapaja ya anayesukwa. Taulo nene ifunike mgongo na mabega, na ncha zibonyezwe kwa taulo jingine papo hapo kwa sababu maji hupanda ndani ya rasta na kutiririka shingoni. Mtoto asichovywe rasta. Anunuliwe zilizokunjwa kiwandani.

Ajali ikitokea, rasta zenye maji ziondolewe kwenye ngozi, nguo iliyolowa ivuliwe na sehemu iliyoungua imwagiwe maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia visipakwe. Iwapo ngozi imetoka malengelenge makubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au ni usoni, au aliyeungua ni mtoto, apelekwe hospitalini mara moja.